Balnazzar Hakufa: Varimathras Alikuwa Mtu wa Nani?

Vita vya kuugombea mji mkuu wa Lordaeron vimekwisha. Balnazzar ameshindwa. Sylvanas Windrunner anamgeukia Varimathras, ndugu wa huyo aliyeshindwa, anamwamuru ammalize. Varimathras anasita. Anasema kwao nathrezim ni mwiko mmoja kumuua mwenzake. Sylvanas anakaza, naye anatii, Balnazzar anaanguka. Hapo Garithos, jemadari wa binadamu aliyepigana upande wao kwa ahadi ya kurudishiwa mji, anadai chake. Sylvanas anatoa amri ya pili, na Varimathras anamuua Garithos bila kubisha.

Kipande hicho kimo ndani ya Warcraft III: The Frozen Throne, gemu iliyotoka mwaka 2003. Nilikuwa nimekipitia mara nyingi bila kuona kitu, mpaka jioni moja hapa Bombo, Uganda, nilipomwonyesha mjomba wangu kwenye kompyuta ya mkononi. Mjomba ni mwanajeshi mstaafu. Kiswahili chake ni cha kambini, na vijana wanaokuja kwenye kibanda chetu cha gemu humsalimu "Jambo afande" hata wale wasiojua aliwahi kuwa na cheo gani. Gemu hachezi. Alikuwa amekaa tu akingoja rolex yake, chapati iliyoviringishwa na mayai, ipoe. Aliniambia nirudishe nyuma nicheze tena, nikarudisha.

"Huyu wa kwanza," akasema, "alimsomea sheria kabla ya kumpiga. Huyu wa pili mbona hakumsomea?"

Nikamjibu kwamba wa pili ni binadamu, sheria yao haimhusu.

"Sawa. Lakini mtu anayetaka kukataa amri hukataa. Anayeisoma sheria kwa sauti halafu akapiga, huyo anatafuta shahidi. Anataka ijulikane kwamba si yeye aliyetaka."

Shahidi kwa nani? Tangu siku ile sijatulia, na kesi nzima ya Varimathras nimeirudia upya kwa swali hilo.

Kwa asiyeijua: nathrezim ni mapepo warefu wenye mabawa ya popo, na kazi yao ni hila. Wakati hadithi inaanza wanalitumikia jeshi kubwa la mapepo liitwalo Burning Legion. Katika Warcraft III ya mwaka 2002, jeshi hilo linavamia dunia ya Azeroth na kushindwa kwenye mlima Hyjal. Watatu kati yao, Balnazzar, Detheroc na Varimathras, wamebaki nyuma Lordaeron wakiisimamia nchi kwa niaba ya mabwana zao, na habari za kushindwa hawana. Arthas, mwana wa mfalme wa Lordaeron aliyegeuka kuwa jemadari wa wafu, ndiye anayewaletea, kwa kuwafukuza. Baadaye wanaungana na Sylvanas kumwinda Arthas, Arthas anaponyoka, na wanapomwita Sylvanas ajiunge na utawala wao mpya, anakataa. Varimathras anatangulia kumshambulia, anapigwa, anapiga magoti. Anajitolea kumtumikia na kumpa siri za ndugu zake. Detheroc anauawa, kisha Balnazzar, na Sylvanas anaanzisha taifa lake la wafu waliopata tena hiari yao, wanaojiita Forsaken, yaani Walioachwa. Varimathras anakuwa mkono wake wa kulia.

Binamu yangu, mwenye hiyo kompyuta, ana jibu lake na halibadilishi. Kwake Varimathras ni kete ya mweso. Anayejua mweso anaelewa mara moja. Ubao una mashimo 32 na kete 64, na kete zote ni sawa. Hakuna nyeusi na nyeupe, hakuna yako na yangu kwa rangi. Ukizila kete za mwenzako hazitoki mchezoni. Unazipanda upande wako, na kuanzia hapo zinakula zile zilizokuwa pamoja nazo mzunguko uliopita. Kete haina bwana, ina shimo ililomo. Varimathras aliliwa na Sylvanas akapandwa upande wa Sylvanas, na akikaa upande wa mwingine atamtumikia huyo mwingine. Ni popo wa ile hadithi tuliyosimuliwa utotoni, leo ndege kesho mnyama.

Ni hoja nzuri, na kwa miaka mingi niliikubali. Shida yake ni kwamba Balnazzar hakufa.

Mwaka 2004 ilipotoka World of Warcraft, gemu ya mtandaoni inayoendeleza hadithi hiyo, wachezaji waliingia Stratholme, mji ulioangamizwa, na ndani yake wakamkuta Saidan Dathrohan. Huyu alikuwa mmoja wa mashujaa watano wa kwanza wa Silver Hand, kikosi kitakatifu cha binadamu, na sasa ndiye mkuu wa Scarlet Crusade, jeshi la washupavu walioapa kumfuta kila mfu juu ya ardhi. Ukimpiga Dathrohan mpaka akaribie kufa, ngozi ya shujaa inavuka na ndani anatoka Balnazzar, mzima. Sikiliza maana yake. Ndugu mmoja anaketi chini ya ardhi ya Lordaeron, ndani ya Undercity, akiwa mshauri wa malkia wa wafu. Ndugu wa pili, yule "aliyeuawa," anaongoza jeshi ambalo kazi yake ni kuwachinja wafu. Vita vinapigwa kwa miaka, na ncha zote mbili za kamba zimeshikwa na nyumba moja.

Mtu anaweza kusema Varimathras alimuua kweli na Balnazzar akarudi kwa nguvu zake. Inawezekana, kwa sababu mapepo wa hadithi hii wana kanuni yao, iliyokuja kukaziwa sana kwenye toleo la Legion la mwaka 2016: pepo akiuawa nje ya makao yao, Twisting Nether, roho yake inarudi huko na kwa wakati wake anapata mwili tena. Mal'Ganis, nathrezim mwingine, alichomwa na Arthas kwa upanga wa Frostmourne mwaka 2002. Mwaka 2008 tukamkuta Northrend amevaa sura ya Barean Westwind, kiongozi wa Scarlet Onslaught. Detheroc, yule aliyekufa kabla ya Balnazzar, alirudi mwaka 2016 ndani ya sura ya Mathias Shaw, mkuu wa majasusi wa Stormwind, mji mkuu wa binadamu. Kwa nathrezim, kufa ni kama kufungiwa nje ya nyumba kwa msimu mmoja.

Hilo linaipa hoja yangu nguvu zaidi. Kama upanga ulikuwa wa kuigiza, Varimathras alimdanganya Sylvanas. Kama ulikuwa wa kweli, bado alijua anampeleka ndugu yake mahali ambapo atarudi. Kwa njia zote mbili, mwiko ule aliousoma kwa sauti ndio pekee ambao hakuuvunja. Amri ya Sylvanas ilikuwa mtihani: malkia alitaka kuona kama huyu mtumishi mpya amekata kamba na kwao. Naye aliutoa mtihani wa damu kwa kiumbe ambaye damu ya mwenzake haina uzito kama tunaoudhani sisi. Sylvanas alikuwa malkia mwerevu kuliko wengi, lakini hapo alipimisha kwa mizani ya binadamu.

Sasa nifike kwenye ushahidi ninaouthamini kuliko wote, na ambao sijaona watu wakiutilia maanani.

Mwaka 2019 World of Warcraft Classic ilifunguliwa, toleo lililorudisha dunia ile kama ilivyokuwa mwanzo. Binamu alilipia mwezi mmoja. Tulicheza usiku, maana kutoka Bombo mpaka seva za Ulaya mchana ni mateso. Unabonyeza pigo, mnyama ameshakuua ndipo pigo linatoka. Nikachagua upande wa Horde, moja ya kambi mbili za gemu, nyingine ikiwa Alliance, nikatengeneza mhusika wa Forsaken kwa kusudi moja tu, kumfikia Varimathras akiwa bado hai. Nilimkuta amesimama karibu na Sylvanas kwenye chumba cha malkia, mabawa yamekunjwa, anatoa kazi kama karani wa mkoa. Kazi yenyewe inaitwa "Into The Scarlet Monastery." Anakutuma ukawaue viongozi wa Scarlet Crusade walioko kwenye monasteri, na anakutajia majina: Whitemane, Mograine, Herod, na Loksey mfuga mbwa.

Majina manne. Dathrohan hayumo.

Nilibaki nikiyatazama majina yale muda mrefu kiasi kwamba binamu aliuliza kama intaneti imekatika. Huyu ndiye mshauri wa karibu kuliko wote wa malkia, bwana wa ujasusi, mtu ambaye hakuna kinachopita Lordaeron asikijue. Anatoa amri ya kulikata kichwa jeshi la maadui, na kichwa chenyewe, mkuu wao wa Stratholme, hakitajwi. Anapunguza matawi, shina analiacha.

Najua pingamizi, na ni la haki: monasteri ni eneo la wachezaji wa ngazi za chini na Stratholme ni la ngazi za juu, hivyo waliotengeneza gemu hawangemtuma mchezaji mchanga akapambane na Dathrohan. Yawezekana kabisa hakuna aliyekaa mezani akapanga kumuonyesha Varimathras akimlinda ndugu yake. Lakini kisa kikishasimuliwa, hupimwa kwa kilichomo. Na kilichomo ni kwamba kwa miaka yote aliyosimama pale, mkono wa Varimathras haukumnyooshea Balnazzar hata mara moja.

Mwaka 2008, kwenye toleo la Wrath of the Lich King, anavua kinyago. Mbele ya lango la Angrathar, majeshi ya Horde na Alliance yamesimama pamoja kumkabili Lich King, mfalme wa wafu, ambaye sasa ni Arthas. Putress, mkuu wa waganga wa Forsaken, anatokea juu ya majabali na kuwamwagia tauni wote: Lich King, Horde, Alliance. Wakati huohuo Undercity inapinduliwa, na aliyekalia kiti ni Varimathras, mapepo wa Legion wakimiminika kutoka kwenye milango aliyowafungulia. Thrall, kiongozi wa Horde, na Sylvanas wanaingia kwa nguvu na kumuua. Putress anauawa na upande wa Alliance.

Ukiuliza nani angefaidika, Legion inajitokeza mbele. Lich King alikuwa mtumwa wake aliyetoroka, na wengine wawili walikuwa maadui zake. Kwa hiyo wengi walifunga faili hapo: Varimathras alikuwa mtu wa Legion muda wote. Mimi naona wamekimbilia sana. Tazama alichokichukua. Hakwenda kuteka Orgrimmar, mji mkuu wa Horde, wala Stormwind. Alichukua Lordaeron, nchi ileile ambayo yeye na ndugu zake wawili walikuwa wakiisimamia kabla Arthas hajawafukuza. Alirudi kwenye kiti walichonyang'anywa watatu. Na Legion ndiyo iliyokuwa nyumba ya wote watatu siku zile, kwa hiyo kufungua mlango kwa Legion na kurudisha mali ya ndugu zake lilikuwa tendo moja.

Sehemu ya toleo la Shadowlands nitaipitia haraka, ingawa binamu huiona ndiyo kiini. Mwaka 2020 tuliambiwa kwamba nathrezim wote waliumbwa na Denathrius, bwana wa Revendreth katika nchi ya wafu, naye akiwa mshirika wa siri wa Jailer, mtawala wa jehanamu ya nchi hiyo. Humo mna kitabu, Enemy Infiltration, ambamo nathrezim mwenyewe anaeleza jinsi walivyojipenyeza ndani ya kila nguvu kuu ya ulimwengu. Legion nayo ilikuwa koti tu. Binamu anapiga meza: basi Varimathras alikuwa mtu wa Denathrius, kesi imeisha.

Haijaisha, kwa sababu ndani yake kuna fundo. Tunaambiwa pia kwamba Sylvanas, baada ya Lich King kuanguka, alijirusha kutoka Icecrown, akafa, na mwishowe akafunga mapatano na Jailer huyohuyo. Yaani Varimathras alimpindua malkia ambaye muda mfupi baadaye angeingia kambi moja na muumba wake. Kama Denathrius ndiye aliyekuwa akimwongoza kwa kila hatua, hapo alikata tawi alilokuwa karibu kulikalia. Mimi nashika jambo jepesi zaidi: waandishi wa mwaka 2020 walimpa babu mpya mtu aliyekwisha kuzikwa, na matendo yake ya 2003 na 2008 hayakuandikwa na babu huyo akilini. Kule Mbale watu wanaweza kubishana mpaka usiku Semei Kakungulu, jemadari wa Buganda, alikuwa akimtumikia nani alipoelekea mashariki, Buganda, Waingereza, au ndoto yake ya ufalme wa Bukedi. Lakini Kakungulu alifariki mwaka 1928, na hakuna toleo jipya litakaloshushwa kesho kumwongezea bwana wa nne. Mtu wa gemu hana ulinzi huo. Ndiyo maana ushahidi wake naupanga kwa mwaka ulioandikwa, na wa zamani naupa uzito zaidi.

Sasa linakuja pingamizi ninaloliogopa kweli.

Novemba 2017 ulifunguliwa uvamizi wa Antorus, yaani pambano ambamo kundi la wachezaji huingia ngome ya Legion yenyewe na kuwapiga mabosi wake mmoja baada ya mwingine. Bosi wa nane ndani yake ni Varimathras. Hayuko kwenye kiti, wala hana jeshi. Ameteswa muda mrefu mno mikononi mwa Coven of Shivarra, mapepo wa kike wa Legion, kwa kosa la kushindwa kazi yake kwa wafu wa Lordaeron, mpaka nafsi yote imechunwa ikabaki chuki. Hasemi mipango tena. Yule aliyemchezea Sylvanas miaka mingi kwa maneno laini, sasa anachojua ni kuumiza tu.

Hii inamwondolea binamu kete yake, maana kete haiadhibiwi kwa kukaa kwenye shimo. Aliyemtesa alimwona kuwa ni mtu wake aliyemwangusha. Lakini inanichoma na mimi. Mwaka 2016 Detheroc yuko huru, amevaa sura ya Shaw. Balnazzar yuko huru, anaongoza mashambulizi dhidi ya hekalu la makuhani, Netherlight. Wote wawili ni wa Legion, ile inayommeza ndugu yao. Balnazzar, ambaye kwa hesabu yangu uhai wake wote wa pili aliupata kwa sababu upanga wa Varimathras haukukusudia, hakumtafuta. Ndugu hawaulizani?

Nilimrudia mjomba na hili. Ilikuwa Jumapili, anacheza mweso na jirani chini ya mwembe, na nilingoja amalize kupanda. Nikamweleza Antorus, minyororo, ndugu wawili walio huru, na kimya chao.

Hakujibu kuhusu mapepo. Akaniuliza: "Alipompiga yule wa kwanza, ndugu yao wa tatu alikuwepo akiona?"

Nikasema Detheroc alikuwa ameshakufa.

"Na yule wa kwanza mwenyewe, kabla ya kuanguka, alisikia ile sheria ikisomwa?"

Nikasema alisikia. Alikuwa palepale.

"Basi shahidi alikuwa huyo huyo." Akazoa kete zake, akaanza kuzipanda moja moja. "Alimwambia yeye."

Nimerudi nikakitazama kile kipande tena, na sasa siwezi kukiona vingine. Maneno yale ya mwiko tulidhani yanaelekezwa kwa Sylvanas, kwa kuwa ndiye aliyetoa amri. Lakini Sylvanas si nathrezim, sheria ile haimhusu, na Varimathras alijua haitambadilisha. Mmoja tu katika chumba kile aliweza kuielewa kama ahadi. Kwa hiyo hukumu yangu ni kwamba siku ile alikuwa mtu wa ndugu zake, na orodha ya majina manne inaonyesha aliendelea kuwa hivyo Undercity. Kwamba Balnazzar hakuja Antorus kunatuambia Balnazzar alikuwa mtu wa nani, na hiyo ni kesi nyingine.

Binamu hajakubali. Ameniambia nimngoje afike kwenye Sepulcher of the First Ones, uvamizi wa mwaka 2022, ambako nathrezim wawili, Mal'Ganis na Kin'tessa, wanatoweka katikati ya pambano na kujificha ndani ya sura za wachezaji wawili wa kundi lenu, na kila mmoja anapewa uwezo wa kumnyooshea kidole anayemshuku. Anasema huko nathrezim watanionyesha wao ni nani. Nimemwambia nitakaa pembeni yake nikitazama, na mjomba nitamwita.